Upande wa Pili wa Mbuyu

Sebuleni kwa mjomba wangu kulikuwa na picha tatu ukutani. Moja ya harusi yake, kavaa suti iliyombana mabega. Ya pili ya mlima wenye theluji na ziwa la bluu mbele yake, ile picha ya dukani ambayo nusu ya nyumba za mtaa wetu zilikuwa nayo na hakuna aliyejua ni nchi gani. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, nyeusi na nyeupe, ukungu umeila pembeni: mbuyu mmoja mnene, na chini yake mtu amesimama ameshika usukani wa baiskeli. Mtu huyo ni babu yangu mzaa mama. Urefu wake wote haufikii nusu ya upana wa shina.

Mjomba alipofariki, niliiomba picha hiyo. Nikaitoa kwenye fremu ili nipanguse kioo, nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa kulalia upande mmoja: Ukumbusho. Mbuyu wa njia panda, siku niliyonunua baiskeli. Chini yake jina lake. Mbuyu wenyewe ulikatwa barabara ilipopanuliwa, kabla sijazaliwa. Miaka yote hiyo nilidhani ile ni picha ya babu, au ya baiskeli. Kumbe yeye mwenyewe, alipochukua penseli, aliutaja mti kwanza.

Tangu siku hiyo sijaweza kuitazama picha ya mti bila kutaka kuigeuza.

Sisi picha hatuichapishi, tunaisafisha. Walio na umri wangu wanakumbuka: unampelekea fundi mkanda, unamwambia nisafishie zote, au nisafishie zilizotoka tu, kisha unaambiwa urudi Alhamisi. Neno hilo nalipenda kwa sababu linasema kweli kuhusu kazi yenyewe. Ndani ya chumba cha giza karatasi nyeupe inazamishwa kwenye dawa, inatikiswa kidogo kidogo, na picha inajitokeza yenyewe kama uso wa mtu anayetoka kwenye moshi. Kisha inaoshwa kwa maji na kuanikwa kwa vibanio kama nguo. Ni kana kwamba picha ilikuwemo siku zote, na fundi ameiondolea tu uchafu uliokuwa umeifunika.

Simu imetuondolea kazi hiyo. Tunapiga, tunatuma, tunapiga nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa na mamia ya picha za miti kwenye simu iliyoingia maji, na leo sina hata moja. Lakini hasara kubwa zaidi naiona pengine. Picha ya simu haina nyuma. Unaweza kuikuza mpaka uone mchwa kwenye gome, ila huwezi kuigeuza ukaandika kwa penseli mti huu ni wa nani, uko wapi, na siku ile ilikuwa siku gani. Kwa picha ya chakula cha mchana hilo si neno. Kwa picha ya mti mkongwe ni msiba, kwa sababu mti mkongwe ndicho kitu ambacho hakionekani chote kwa mara moja, na jicho lililosimama mahali pamoja linahitaji kusaidiwa.

Lugha yetu inalijua hili zamani. Tunaposema fulani amezunguka mbuyu, tunamaanisha ametoa hongo, maana shina lile linatosha kuficha watu wawili na bahasha yao. Pale Kaole, karibu na Bagamoyo, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kuna mbuyu ambao wageni huambiwa wauzunguke ili waongeze umri. Na huko kusini-magharibi mwa Madagaska ulikuwepo mbuyu ulioitwa Tsitakakoike, jina ambalo maana yake ni mti ambao ukilia upande huu, aliye upande wa pili hakusikii. Watu wa mahali tofauti, na wote kilichowashika katika mti huu ni kwamba una upande mwingine.

Huo wa Madagaska ulianza kuporomoka mwaka 2018. Mpiga picha mmoja wa Marekani, Beth Moon, alisafiri kwenda kuupiga picha ukiwa katika hali hiyo, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa asiyetarajiwa kuamka. Moon alikuwa ametumia takriban miaka 14 kuitafuta miti mikongwe ya dunia, kazi iliyozaa kitabu chake cha mwaka 2014, Ancient Trees: Portraits of Time. Zaidi ya miti yenyewe, mimi navutwa na namna anavyozisafisha picha zake. Hatumii mashine ya kupuliza wino. Anatumia platini na paladi, njia iliyotokana na ile ya platini ya karne ya 19, ambayo Mwingereza William Willis aliipatia hataza mwaka 1873.

Karatasi nzito inapakwa kwa brashi, kwa mkono, mchanganyiko wa chumvi za madini hayo pamoja na chumvi ya chuma inayohisi mwanga. Ikikauka, negativu inalazwa juu yake. Njia hii haina kukuza: ukitaka picha kubwa kama sinia, lazima uwe na negativu kubwa kama sinia. Zote mbili zinabanwa kwa kioo na kuachwa kwenye mwanga mkali wa jua au wa taa maalumu. Katika picha za kawaida za nyeusi na nyeupe, chembe za fedha hukaa ndani ya utando mwembamba uliopakwa juu ya karatasi. Hapa madini yanazama kwenye nyuzi za karatasi yenyewe. Platini haipati kutu wala haipauki. Ikitunzwa vizuri, picha ya namna hiyo itapita vizazi vingi, na kitakachotangulia kuchoka ni karatasi.

Wapo wanaoona huu ni ugumu wa kujitakia. Mimi naona ni heshima inayolingana na mwenye kuheshimiwa. Mti uliosimama miaka elfu moja ukaupiga picha kwa sekunde moja, angalau utumie siku nzima kuisafisha.

Na muda wa kuipiga hiyo miti unatuishia mikononi. Mwaka huohuo wa 2018, watafiti wakiongozwa na mwanakemia wa Romania, Adrian Patrut, walitoa matokeo yao kwenye jarida la Nature Plants. Walikuwa wakipima umri wa mibuyu ya Afrika kwa kaboni, kwa sababu pete za mbuyu hazihesabiki vizuri kama za miti mingine. Wakagundua kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoijua, 9 ilikuwa imekufa au sehemu zake kongwe zaidi zimeanguka tangu mwaka 2005. Kati ya 6 minene kuliko yote, 5 imepatwa na hayo hayo. Mmoja wa Zimbabwe, ulioitwa Panke, ulikuwa umeishi karibu miaka 2,450. Ulikuwa mche wakati ambapo hakuna Mswahili wala Mwarabu aliyekuwa anaitwa kwa jina hilo pwani hii. Watafiti hawakuona dalili ya ugonjwa wa mlipuko. Wakashuku joto na ukame unaoongezeka kusini mwa Afrika, wakasema uchunguzi zaidi unahitajika.

Watafiti haohao walifunua jambo jingine ambalo mimi huwasimulia watoto. Mbuyu mkubwa mara nyingi si shina moja. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa kuzunguka, yakashikana mabega mpaka yakawa kitu kimoja. Lile tundu la katikati, ambalo tunadhani ni mti uliooza, katika mibuyu mingi ni uwazi ulioachwa na mashina tangu mwanzo, na ndani yake kuna gome kama la nje. Yaani hata ndani ya mbuyu kuna upande wa nje. Sijui kama kuna mwalimu angeweza kuieleza familia vizuri kuliko hivyo.

Kuna kisa cha Botswana ambacho kinanifanya niamini kazi ya kupiga picha za miti. Mwaka 1862 mchoraji Thomas Baines alikuwa safarini na mfanyabiashara James Chapman, na Chapman alikuwa amebeba kamera, mzigo wa vioo na dawa kwenye gari la ng'ombe katika nchi isiyo na maji. Baines alikaa akachora kundi la mibuyu pembeni mwa mbuga ya chumvi. Mibuyu ile ipo mpaka leo. Mtu akiuweka mchoro kando ya picha ya sasa anaona matawi ni yaleyale, hata shina lililolala limelala vilevile. Mbuyu mwingine, uliopewa jina la Chapman, ulianguka Januari 2016. Kundi lile limebaki na mchoro wake, mbuyu wa pili umebaki picha tu. Asingekuwepo aliyechora na waliopiga picha, tusingekuwa na namna ya kujua lipi limebadilika na lipi limesimama.

Sasa nirudi nyumbani, maana hoja yangu iko nyumbani.

Pale misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu ulioanza kukua mwaka 1868, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika. Hata mbuyu ulianza kama mchicha, tunasema, na huu tunaujua ulianza lini. Si mkongwe kwa hesabu ya mibuyu, ila ni mkubwa kiasi kwamba watu wanaapa una miaka mia tano. Unene wa mbuyu hauhesabu miaka kwa uaminifu. Shinani pametokeza kipande kifupi cha mnyororo wa chuma. Kilichobaki kimemezwa. Gome limekunjamana pale chuma kinapoingia, kama midomo ya mzee aliyekataa kusema zaidi.

Picha ya mnyororo huo nimeiona ikioneshwa mara nyingi bila maneno yoyote, na kila mara aliye pembeni yangu husema kimoyomoyo au kwa sauti: watumwa. Ni Bagamoyo, ni mnyororo, ni misheni iliyokuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mtu afikiri nini kingine? Lakini simulizi ya misheni yenyewe ni kwamba mnyororo ule aliufunga Madame de Chevalier, mwanamke aliyekuwa akihudumia zahanati, mwaka 1895, kwa ajili ya punda wake. Ukasahaulika, mti ukaendelea kunenepa. Utumwa wa Bagamoyo ni kweli na una ushahidi wake mwingine wa kutosha. Hauhitaji mnyororo wa punda. Picha isiyo na maneno nyuma yake ilisema uongo bila mpiga picha kukusudia, na uongo huo ukitundikwa ukutani miaka ishirini unakuwa historia.

Ndiyo maana nasema, anayesafisha picha ya mti asiishie mbele. Aandike. Si jina lake yeye tu na namba ya nakala, kama wafanyavyo wanaouza sanaa. Aandike jina la mti kama unalo, kijiji, mwenye shamba, mwaka, na kisa alichosimuliwa, na nani alimsimulia. Penseli inatosha. Wino hupenya karatasi na kuharibu mbele, penseli ya babu yangu haikupenya.

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema, kwa sababu linawahusu marafiki zangu wapiga picha nami nikiwemo. Picha nzuri za miti yetu zinasafishwa vizuri, kwa karatasi nzuri, kisha zinakwenda wapi? Kwenye kuta za hoteli za ufukweni, kwenye kumbi za maonesho za Ulaya, kwenye nyumba za watu wanaoweza kuzinunua. Sina kinyongo na mnunuzi. Mwenye mti ndiye anayenisumbua. Yeye ana kalenda ya kampuni ya simu, na ile picha ya theluji.

Mwishoni mwa mwaka 2022 picha za mibuyu ya Kilifi, Kenya, zilienea kila mahali: miti iliyong'olewa na matawi yake kupunguzwa, ikisubiri kusafirishwa kwenda Georgia. Wenye mashamba walikuwa wameiuza, wengine ili wapate nafasi ya kulima. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza suala hilo lichunguzwe. Georgia ni nchi ambayo bilionea wake mmoja, aliyewahi kuwa waziri mkuu, Bidzina Ivanishvili, alikusanya miti mikubwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi yake na kuipanda katika bustani kando ya Bahari Nyeusi. Mtengenezaji filamu Salomé Jashi aliionesha kazi hiyo mwaka 2021 katika filamu iitwayo Taming the Garden, na humo kuna mti mzima, umesimama wima juu ya tishari, unavuka bahari. Nimeitazama sehemu hiyo mara kadhaa. Mti baharini haufanani na kitu chochote. Haufanani hata na mti.

Kelele za Kilifi zilikuwa za haki, lakini nyingi zilimwangukia mkulima, na hapo mimi sikubaliani. Misitu ya makaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina wazee na miiko ya kuilinda. Mbuyu ulioota peke yake katikati ya mahindi ya mtu una nani? Mwenye shamba anaambiwa na kila mtu kwamba ule ni mti tu, unakula nafasi, kivuli chake kinaua mahindi. Kisha siku moja anakuja mgeni wa kwanza maishani mwake kuutazama kwa macho ya kutamani, na mgeni huyo ana pesa mkononi. Je, kabla yake alishafika yeyote akautazama hivyo, akaurudisha kwa mwenyewe ukiwa ndani ya fremu, akamwambia baba, tazama ulicho nacho?

Sidai kwamba picha ukutani ingezuia winchi. Barabara ilipopita kwenye njia panda ya kwetu, picha ya babu ilikuwa tayari imetundikwa na haikuzuia lolote. Ila naamini mti wenye picha nyumbani kwa watu huuzwa kwa shida zaidi, kama shamba lenye kaburi. Angalau mtu mmoja atauliza.

Tuna majina, hilo nalikubali. Mbuyuni, Mkwajuni, Mikocheni, Mnazi Mmoja, Mwembechai. Mombasa wana Mwembe Tayari. Makondakta wanayaita majina hayo kutwa nzima, na abiria wanashuka mahali ambapo hakuna tena mwembe wala mkwaju. Jina limebaki, mti umekwenda. Laiti angekuwepo mtu katika kila kituo aliyeandika nyuma ya picha.

Miaka michache iliyopita nilipiga picha ya mbuyu mmoja kwenye kijiji kilicho njiani kwenda Mpwapwa. Ilikuwa Julai, mti umepukutika, nami nilifika alfajiri nikapata mwanga wa kwanza ukigonga shina. Mwenye shamba, mzee wa miaka sabini na kitu, aliniruhusu bila maswali. Nilipoondoka nikamwahidi nitamletea picha yake. Wapiga picha tunaahidi hivyo kila siku.

Hiyo moja niliitimiza, baada ya mwaka na nusu. Niliisafisha kwenye karatasi nene, nikaiwekea fremu na kioo, nikaifunga kwa khanga isivunjike kwenye basi. Nilifika saa nane mchana. Baada ya shikamoo na maji ya kunywa nikaifungua. Mzee hakusema kitu. Aliibeba mpaka nje ya mlango penye mwanga, akaiegemeza ukutani, akachuchumaa mbele yake. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akigusa kioo, kuanzia chini kwenda juu.

"Hivi vitano vya chini kapigilia baba," akasema. "Kuanzia hapa ni vyangu."

Vilikuwa vigingi. Ngazi ya vijiti vya mti mgumu iliyopigiliwa kwenye shina ili mtu apande kwenye asali na ubuyu. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa mwaka na nusu, kwenye kompyuta, kwenye karatasi, nikipima weusi na weupe wake, na vigingi nilikuwa nimeviona kama makovu ya gome. Vile vya baba yake vimemezwa karibu vyote. Gome limevizunguka mpaka vimebaki kama vifungo vya shati.

Akamwita mjukuu wake, binti wa darasa la sita, aje na penseli. Nikaitoa picha kwenye fremu, nikaigeuza juu ya mkeka. Mzee akataja, binti akaandika polepole kwa mwandiko wa shule: jina la baba yake, jina lake, jina la kijiji, na vigingi vingapi ni vya nani. Akamwambia aache nafasi chini.

Nilipokuwa nairudisha kwenye fremu, akaniuliza, kwa upole wa mtu asiyetaka kumuudhi mgeni:

"Mwanangu, mbona umeupiga mgongoni?"

Nikamwambia sikujua kama una mgongo.

"Unao. Huku tunakokwea ni mgongo. Mti haukwewi usoni." Akaonesha kwa kidevu upande wa magharibi, kwenye korongo. "Uso uko kule."

Tukaenda. Ilituchukua hatua ishirini na sita kuuzunguka, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma na kamera, binti akiwa kati yetu na penseli bado mkononi. Upande ule ulikuwa kivulini. Niliona uwazi mrefu kwenye shina, umeanzia chini na kupanda juu ya kichwa changu, na gome lililoingia ndani kwa mikunjo. Nikainua kamera. Mzee akaweka mkono wake juu ya lenzi, taratibu, akasema jua hufika usoni saa kumi na moja.

Tukakaa chini, migongo yetu kwenye mizizi, kulisubiri.